Sema Unatoka Mambasa

Wiki ile mkuu wa shule ya msingi alikuja mara tatu kuwakumbusha watu waliokuwa wakilala madarasani kwamba masomo yanaanza Jumatatu. Mara ya tatu alikuja na fundi wa rangi, wakaanza kupaka darasa la kwanza watu wakiwa bado ndani. Familia kumi na nne zikakunja mikeka. Kumi na tatu zilikubali kupanda lori kwenda kwenye site, ile kambi ya waliokimbia vita iliyo nje ya mji, ambako kila familia hupewa bache moja, yaani turubai la plastiki, na miti ya kulisimamisha. Familia moja haikuweza kwenda.

Ilikuwa familia ya Gracieuse, mjane wa miaka thelathini na miwili. Siku walipokimbia kijiji chao, upande wa Kilo, risasi ilimpitia pajani. Hospitalini walimshona, lakini kidonda kilikataa kufunga, na mara tatu kwa wiki ilimbidi afike mjini kubadilishiwa bandeji. Kutoka kwenye site hadi hospitali ni mwendo wa saa mbili kwa mtu mwenye miguu mizima, na kuna siku barabara yenyewe haipitiki. Alikuwa na binti yake Plamedi, wa miaka tisa, na mama yake mzazi, Anastasie, ambaye kila mtu pale shuleni alimwita Koko, yaani bibi.

Jina lao lilimfikia Priscille siku ya Alhamisi. Priscille alifanya kazi katika ofisi ndogo ya kanisa, kwenye kartie, yaani mtaa, wa Lumumba. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu pa kulala, kisha kuwasindikiza hospitalini, shuleni na kwa shefu wa kartie mpaka waanze kusimama wenyewe. Ofisi ililipa kodi ya miezi mitatu ya kwanza. Yeye alilazimika kupata mlango.

Si kwamba mji huo, Bunia, hauna vyumba. Vyumba vipo. Shida ilikuwa swali moja ambalo kila mwenye nyumba aliuliza: hao watu wanatoka wapi? Katika jimbo hili la Ituri mtu haulizi kabila waziwazi. Anauliza kijiji, na kijiji kinajibu mengine yote. Jamii mbili zilizoishi jirani kwa jirani, hawa na mashamba yao, wale na ng'ombe wao, zimeuana, zikapumzika, zikauana tena, na hakuna mtaa mjini usio na mtu aliyezika wake, au aliyekosa hata mwili wa kuzika. Gracieuse alikuwa wa jamii moja. Priscille alikuwa wa ile nyingine.

Ijumaa alipiga hodi kwenye mageti saba. Mama mmoja alikuwa ameshamwonyesha chumba, kizuri, chenye sakafu ya saruji, na alikuwa amefungua dirisha ili hewa iingie. Kisha akauliza.

"Wanatoka upande wa Kilo," Priscille alijibu.

Yule mama akalifunga dirisha polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Nilikuwa nimesahau," alisema. "Mudogo wangu anakuja kukikamata hiki chumba. Pole, mama."

Jumamosi asubuhi Priscille alimkumbuka Mwalimu Honoré. Alikuwa amemfundisha darasa la tano, miaka karibu thelathini iliyopita. Sasa alikuwa amestaafu, mke wake alikuwa amefariki, na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na vyumba viwili vya matofali vilivyojengwa kwa ajili ya mwanawe Yves. Yves alikuwa dereva wa lori. Miaka minne kabla ya hapo alipita barabara ya Djugu, inayoelekea upande wa Kilo, akiwa na mzigo wa maharage, na hakurudi. Lori lilionekana limeungua kando ya njia. Mwili haukuonekana.

Priscille alijua hayo yote alipokuwa akigonga geti.

Mwalimu alifurahi kumwona. Alimletea kiti mwenyewe, akauliza habari za mama yake, akamsikiliza mpaka mwisho: mwanamke mgonjwa, mtoto wa shule, bibi mzee, miezi mitatu imehakikishwa.

"Ile nyumba ya nyuma imekauka tu, haina mutu," alisema. "Panya ndio wanafaidi. Waje. Lakini wanatoka wapi?"

"Mambasa," Priscille alisema.

Neno lilitoka bila kusukumwa. Hakuwa akilitumia kwa mara ya kwanza. Mwezi wa sita alikuwa amelisema kwa ajili ya familia moja, na mwezi wa saba kwa ajili ya nyingine. Mambasa iko mbali, msituni, kwenye njia ya Kisangani. Huko nako watu wanakimbia, lakini mjini Bunia hakuna aliyekuwa na kisasi na Mambasa.

Mwalimu Honoré alichukua karatasi ya daftari akaandika mapatano kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, kila herufi imesimama peke yake. *Wapangaji: familia ya Gracieuse, watu watatu, kutoka Mambasa.* Akatia sahihi. Priscille akatia sahihi chini yake kama shahidi.

Adhuhuri alikaa na familia kwenye ukumbi wa shule, miongoni mwa ndoo na mikeka iliyokunjwa, akawaeleza. Nyumba ipo. Ni nzuri, na hospitali iko karibu. Kitu kimoja tu.

"Mukiulizwa, semeni munatoka Mambasa. Na ile luga yenu museme ndani tu, mulango ukifungwa. Inje ni Kiswahili."

Plamedi alitikisa kichwa kukubali, kama wanafunzi wanavyofanya. Gracieuse aliangalia chini. Koko Anastasie ndiye aliyejibu.

"Mimi Mambasa sijafika hata siku moja. Mutu akiniuliza njia ya kwenda sokoni kwao, nitamuambia nini?"

"Hakuna atakayekuuliza hivyo, Koko."

"Sikiliza, mutoto yangu. Nyumba yangu iliungua. Mashamba wamekamata. Muzee wangu iko chini ya udongo kule, na sijui nani anamufyekea majani. Kile kijiji, jina yake tu ndiyo imebakia kwangu. Sasa na hiyo jina unataka nikupe?"

Gracieuse alimshika mama yake mkono. "Mama," alisema, "ni juu ya mguu wangu. Ukinipenda, nyamaza tu. Hata usiseme Mambasa. Nyamaza."

Koko alinyamaza. Gracieuse na Priscille walichukua hiyo kuwa ndiyo, na saa tisa Priscille akawaita vijana wawili wa moto, yaani pikipiki, wabebe watu na mizigo.

Majuma mawili yalikwenda vizuri, na Priscille aliyahesabu kama ushindi. Mlango ulikuwa na kitasa. Kidonda cha Gracieuse kilianza kukauka pembeni. Plamedi aliandikishwa shule, ile ile aliyokuwa akilala, akaketi kwenye dawati katika darasa ambalo kona yake moja ilikuwa imewahi kuwa kitanda chake. Mchana, akirudi, Mwalimu Honoré alimwita barazani wasome pamoja. Alimpa imla ya Kifaransa, akamsahihishia kwa kalamu nyekundu aliyokuwa hajaishika tangu alipostaafu. Majirani walimsikia yule mzee akicheka.

Siku ya kumi na tano alimwambia aandike mistari mitano juu ya mahali anapotoka.

"Andika juu ya Mambasa," alisema. "Msitu, mito, vile munakula kule. Mimi nilipita pale nikiwa kijana. Nataka kuona kama unaona nilichoona."

Mtoto alishika kalamu. Hakuandika. Alimwangalia mwalimu, akaangalia karatasi, na machozi yakaanza kudondoka juu ya mistari. Mwalimu alifikiri amemkumbusha vita. Aliweka mkono begani pake akasema aache, wataandika juu ya kitu kingine.

Koko Anastasie alikuwa uani akichambua sombe, majani ya muhogo. Aliweka majani chini, akajifuta mikono kwa kitenge, akasimama.

"Mutoto hawezi kuandika," alisema. "Hakufika kule. Siye hatutoki Mambasa, Mwalimu. Tunatoka upande wa Kilo." Na akataja kijiji chao, jina lote, bila kupunguza sauti.

Mwalimu Honoré aliondoa mkono begani kwa mtoto. Alisimama, akaingia nyumbani, akafunga mlango.

Siku tatu hakuonekana barazani. Asubuhi aliteka maji kabla wao hawajaamka, na kitabu cha Kifaransa kilibaki juu ya kiti, kikalowa umande. Gracieuse alifunga mizigo. Hakukuwa na mengi: sufuria mbili, mikeka, bidoni la maji, bahasha ya hospitali. Kila mara geti lilipolia alifikiri ni watu waliotumwa kuwatoa. Hakumgombeza mama yake. Priscille alipofika, siku ya nne, aliwakuta wamekaa juu ya vifurushi, kila mmoja akiangalia upande wake.

Mwalimu alikuwa amemwita kwa simu. Alikuwa amenyoa, amevaa koti, na ameweka viti vinne uani, kama kwa mkutano wa wazazi. Plamedi alitumwa ndani.

"Priscille," alianza, "mimi njo nilikufundisha kusoma kwa sauti. Ulikuwa unaogopa kukosea. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, Mwalimu."

"Sasa juu ya nini ulinidanganya?"

Alikuwa amejitayarishia majibu njiani. Kwamba Gracieuse alikuwa na kidonda. Kwamba mageti saba yalikuwa yamefungwa. Yote yalikuwa kweli, na aliyaacha yote.

"Kwa sababu nilijua ungekataa," alisema.

"Ningekataa. Ndiyo." Hakupandisha sauti. "Ile nyumba nilijenga ya Yves. Ungeniambia kweli, ningekataa, na ningekuwa nimekataa mimi mwenyewe. Sasa wewe ulinikamatia hata hiyo haki yangu. Nilimufundisha mutoto wao, nikamupenda, na sikujua ninamupenda nani. Wewe ulijua. Wewe wa kwetu."

Hilo la mwisho lilimchoma zaidi. Alitaka kuomba radhi, lakini mwalimu alikuwa ameshageuza kiti chake kumwelekea Koko.

"Mama," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mwalimu. "Kijiji chenu kiko kwenye ile barabara. Ninaijua. Miaka ine imepita, mwezi wa tano, kulikuwa lori ya maharage. Iliungua."

"Lori nyingi ziliungua," Koko alisema.

"Batu waliokufa pale. Waliwafanya nini? Waliwaacha tu kwa imbwa?"

Gracieuse alifunga macho. Koko alivuta kitenge magotini.

"Siye bamama wa kanisa tulikuwa tunaenda," alisema. "Wale vijana wenye bunduki wakiondoka, tulikuwa tunaenda na majembe. Walitukataza, siku ingine wakatupiga. Lakini mutu hawezi kubakia njiani kama mbuzi. Tuliwazika pembeni, chini ya mikaratusi. Tukaweka jiwe. Tuliomba. Majina hatukujua, tulisema tu, Mungu, weye unawajua."

"Na huyo wa mwezi wa tano? Alikuwa murefu. Alikuwa na jino moja limevunjika hapa mbele. Alivaa..." Akakwama. "Alivaa shati ya bulu, nafikiri."

Ingekuwa rahisi. Priscille alimwangalia yule mama mzee na moyoni akamsihi: sema ndiyo, sema ulimwona, sema ulimfumba macho. Ni neno moja tu, nalo lingemlaza yule baba usingizi ambao hakuupata kwa miaka minne.

"Sikumbuki," Koko alisema. "Walikuwa wengi, na wengine moto ulikuwa umewapitia. Pengine nilimuzika. Pengine hakuwa pale. Sitakudanganya, baba."

Mwalimu Honoré aliinama, akaweka viganja usoni. Hakulia kwa sauti. Mabega yake yalitikisika kwa muda mrefu, na hakuna aliyejua kama inafaa kumgusa. Mwishowe Koko aliinuka, akavuta kiti chake kikakaribiana na cha mwalimu, akakaa tena. Walikaa hivyo, wazee wawili, wakiangalia ukuta wa matofali.

Alipomaliza, mwalimu alitoa ile karatasi kwenye mfuko wa koti, akampa Priscille kalamu.

"Futa Mambasa. Andika kijiji yao. Uandike wewe, kwa mukono wako."

Priscille alifuta, akauliza jina linaandikwaje, Koko akamtajia, akaandika.

"Watakaa mpaka mguu upone," mwalimu alisema. "Sijui kama nitaweza kuwasalimia kila siku. Siku ingine nitaweza, siku ingine hapana. Wasinishangae. Na majirani wakiuliza, nitasema ile iko kwenye karatasi." Kisha, bila kumwangalia Priscille: "Weye, usirudi hapa kwanza."

Priscille alirudi ofisini kwa miguu. Hakumweleza Fulgence, msimamizi wake, siku hiyo. Alimweleza kesho yake, na alimweleza pia juu ya zile familia mbili za mwezi wa sita na wa saba.

Fulgence alikuwa mtu mwenye huruma na uchovu. Alivua miwani. "Wamelala ndani ya nyumba, siyo? Wana mlango? Basi acha."

"Wenye nyumba hawajui wamempokea nani."

"Wakijua, unafikiri watafanya nini?"

"Sijui," Priscille alisema. "Ndiyo maana naogopa. Lakini wakijua kwa mtu mwingine, siku mambo yamechafuka mjini, itakuwa vibaya zaidi."

Fulgence hakukubali wala hakukataza. Alisema tu kwamba yeye hakusikia kitu.

Mwenye nyumba wa kwanza, muuza mafuta ya mawese, alimsikiliza Priscille akiendelea kupima mafuta kwenye chupa. Alisema alikuwa amejua tangu juma la kwanza, kutokana na namna walivyotamka maneno, na kwamba mradi watoto wao hawapigi kelele, yeye hana neno. Priscille alitoka pale kwa furaha.

Wa pili alikuwa mwanamke aitwaye Elisabeth, aliyekuwa amempangisha chumba cha lupango lake, yaani uwanja wa nyumba yake, fundi viatu, Ephraïm, na mkewe na watoto wao watatu. Elisabeth alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele pia. Aliingia ndani, akatoka na picha ya dada yake, akamwekea Priscille mkononi, akasema, "Huyu walimukata shambani. Na wewe uliniletea hao nile nao kwenye lupango moja." Akawapa hadi saa kumi.

Priscille alisaidia kubeba. Mke wa Ephraïm alikunja nguo zilizokuwa bado zina maji. Watoto walibeba viatu vya wateja, vimefungwa pamoja kwa kamba, vingine bila soli. Majirani walisimama kwenye mageti yao. Mmoja wao, aliyekuwa amempelekea Ephraïm sandali zake ashone, alizichukua kimya kimya kutoka mkononi mwa mtoto.

Shule ilikuwa imejaa wanafunzi, kwa hiyo ukumbi wa kanisa ndio uliobaki. Priscille aliwasogezea mabenchi ukutani, akaomba blanketi kwa mapadri, akampigia simu shefu wa kartie kumwarifu. Ephraïm alimaliza kupanga vifaa vyake, nyundo, sindano, kopo la gundi, juu ya gazeti, kwa utaratibu, kama mtu atakayefungua kazi pale pale. Kisha akamwangalia.

"Mama Priscille. Miezi mitatu tulikuwa vizuri. Yule mama alikuwa anawapa watoto chai. Juu ya nini ulienda kumuambia?"

Alifikiri juu ya Mwalimu Honoré na juu ya Koko, na akaona kwamba hakuna hata moja la kumweleza mtu huyu, ambaye watoto wake walikuwa wamekaa juu ya benchi la kanisa wakisubiri kujua watakula nini.

"Nilikosea mwanzoni," alisema. "Nilipowapeleka pale na uongo."

"Ule uongo ulikuwa na paa," Ephraïm alisema.

Hakuwa na hasira. Aligeuka akamsaidia mkewe kutandika.

Kesho yake asubuhi, baada ya kumsindikiza Gracieuse hospitalini, wakiwa sasa wanakutana kwenye kona ya barabara, mbali na geti la mwalimu, Priscille alianza tena. Mvua ilikuwa imenyesha na vumbi jekundu lilikuwa limegeuka tope. Kwenye geti la kwanza alifunguliwa na mzee mmoja aliyeshika redio.

"Natafuta chumba cha familia ya watu watano," alisema. "Baba ni fundi viatu. Wanatoka upande wa Djugu."

Mzee alipunguza sauti ya redio, akamwangalia kutoka kichwani hadi kwenye viatu vyenye tope.

"Hapana, mama," alisema, akafunga.

Priscille aliandika namba ya nyumba kwenye daftari, akapiga mstari pembeni yake, akaenda kwenye geti lililofuata.